Jinsi ya kulea chipukizi katika gemu ya umeneja wa besiboli

Kuna gemu za kompyuta ambazo mchezaji hagusi mpira hata mara moja. Hakimbii, hapigi, hadaki. Anakalia kiti cha meneja: anasajili, anauza, anapanga kikosi, anapiga hesabu za mishahara, kisha kompyuta inacheza mechi na kumletea matokeo. Kama umezoea Football Manager, au kila Ijumaa unahangaika na kikosi chako cha Fantasy Premier League, nusu ya raha ya jambo hili unaijua tayari. Upande wa besiboli, gemu inayotajwa kuliko zote za aina hii ni Out of the Park Baseball, ambayo wenyewe huifupisha OOTP. Iliasisiwa na Mjerumani Markus Heinsohn, toleo la kwanza likatoka mwaka 1999, na tangu 2020 kampuni yake iko mikononi mwa Com2uS ya Korea Kusini. Kila mwaka hutoka toleo jipya, kwa kawaida mwezi Machi.

Unaweza kuicheza peke yako dhidi ya kompyuta. Utamu wenyewe, hata hivyo, uko kwenye ligi za mtandaoni. Huko wanakusanyika watu 20 au 30, kila mmoja na timu yake, na kamishna mmoja anayeendesha mashine. Mpinzani wako akiwa binadamu, huwezi kumuuzia mchezaji aliyechoka kwa bei ya nyota, na mchezaji huru mwenye jina atagombewa na watu kumi wenye pesa kama zako. Kinachobaki ni vijana. Timu inayojua kulea chipukizi hushinda kwa gharama ndogo, na ushindi wake hudumu. Makala haya yanamhusu mtu ambaye hajawahi kugusa gemu hii na pengine hajawahi kutazama besiboli mechi nzima.

Nianze na mfuko. Toleo jipya huuzwa kwenye duka la mtandaoni la Steam kwa karibu dola 40 za Marekani. Ukivumilia miezi kadhaa, bei hushushwa sana wakati wa mauzo ya punguzo, na toleo la mwaka uliopita huuzwa kwa bei ya kutupa. Usikimbilie hilo la bei rahisi kabla ya kuuliza, kwa sababu ligi ya mtandaoni huchezwa kwa toleo moja tu, na ukinunua jingine utabaki mtazamaji. Malipo ni kwa kadi ya Visa au Mastercard. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya mtandaoni inayofunguliwa kwenye simu: Kenya kuna M-Pesa GlobalPay inayokupa namba ya kadi ya Visa, na Tanzania baadhi ya mitandao ya simu inatoa huduma kama hiyo. Steam hukurudishia pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, mradi hujaicheza zaidi ya saa mbili. Kuingia kwenye ligi zenyewe, nyingi hazitozi chochote. Gharama inayosahaulika ni bando: faili la ligi ni zito, linaweza kufikia mamia ya megabaiti, na hupakuliwa upya kila mara mechi zinapoendeshwa. Kompyuta yenyewe haihitaji kuwa ya kifahari, kwani gemu hii ni majedwali na takwimu zaidi kuliko picha.

Je, lazima uijue besiboli? Kidogo tu inatosha kuanzia. Timu mbili, wachezaji tisa uwanjani. Mrushaji anatupa mpira, mpigaji wa timu pinzani anajaribu kuupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka besi nne. Akirudi salama pale alipoanzia, ni pointi moja. Mpigaji akikosa mara tatu anatoka. Mrushaji akitupa mipira minne nje ya eneo halali bila mpigaji kudanganyika, mpigaji anapewa besi ya kwanza bure. Mechi ina awamu tisa, na katika ligi kuu ya Marekani, MLB, kila timu kati ya 30 hucheza mechi 162 kwa msimu. Mechi hizo nyingi ndizo zinazofanya takwimu za besiboli ziaminike kuliko za soka: mtu hawezi kubahatisha miezi sita.

Sasa fungua ukurasa wa kijana yeyote kwenye timu yako. Utakutana na safu mbili za namba. Ya kwanza ni uwezo wake wa leo, ya pili ni upeo, yaani kiwango ambacho skauti wako anadhani kijana atafikia akikomaa. Ligi nyingi hutumia kipimo cha 20 hadi 80, kilekile wanachotumia maskauti halisi wa Marekani. Hamsini ni mchezaji wa wastani wa ligi kuu, 60 ni mzuri, 70 ni nyota, na 80 ni nadra.

Tuchukue kijana mmoja tumtazame kwa makini. Ana miaka 18, anacheza kati ya besi ya pili na ya tatu, nafasi ngumu kuliko nyingi za ulinzi. Uwezo wa kuugusa mpira: leo 30, upeo 60. Nguvu ya kuupiga mbali: leo 25, upeo 55. Jicho, yaani uwezo wa kuutambua mpira mbaya na kuuacha upite: leo 40, upeo 50. Ulinzi tayari 60, kasi 65. Mgeni atatazama ile 60 ya kugusa mpira na kushangilia. Mimi ningetazama jicho kwanza. Kijana wa miaka 18 mwenye jicho la 40 amebakiza hatua fupi, na mikono na miguu yake tayari ni ya ligi kuu. Hata gongo lake likikwama njiani, atapata kazi ya kulinda. Ile nguvu ya 25 kwenda 55 ndiyo safari ndefu, na wengi hawafiki. Ningemthamini huyu kuliko mpigaji wa miaka 18 asiyejua kulinda popote, mwenye nguvu ya 30 na upeo wa 75. Yule wa pili ana mlango mmoja tu wa kuingilia ligi kuu, na ukifungwa hana pengine pa kupita.

Jambo ambalo wageni wengi huchelewa kulielewa ni kwamba upeo ni makisio, si ahadi. Kwanza, ni macho ya skauti wako, na skauti hukosea, hasa kwa vijana wadogo na wa mbali. Ndiyo maana gemu inakupa maoni ya pili kutoka ofisi ya skauti ya ligi nzima, inayoitwa OSA. Weka ripoti mbili kando kwa kando. Zikikubaliana, vema. Skauti wako akisema 65 na OSA ikasema 45, usimuuze kijana huyo kwa bei ya 45, wala usitoe mali nyingi kumnunua kwa bei ya 65. Angalia pia tarehe ya ripoti: ya mwaka jana ni habari ya kale kwa mtu wa miaka 17. Pili, hata skauti akipatia, upeo wenyewe hupanda na kushuka. Kila ligi ina kigezo kinachoamua vipaji vitabadilika kwa bahati kiasi gani. Kawaida huwekwa 100, na kamishna akikiongeza, mipango ya muda mrefu huwa kamari zaidi. Muulize mapema.

Mambo mengine mawili yako kwenye ukurasa huohuo na watu huyapita. La kwanza ni tabia: bidii ya kazi na akili ya mchezo. Vijana wawili wenye namba sawa, mwenye bidii kubwa ana nafasi nzuri zaidi ya kuufikia upeo wake. La pili ni uwezekano wa kuumia. Gemu hutaja wazi kama mwili wa mchezaji ni imara, wa kawaida au dhaifu. Kijana dhaifu akiumia mara mbili kabla ya miaka 21, miezi aliyokosa hailipiki.

Vijana hawa wanatoka wapi? Mlango mkubwa ni drafti, yaani siku ya timu kuchagua kwa zamu vijana waliomaliza shule za sekondari na walio vyuoni. Katika MLB ya leo hufanyika Julai na ina raundi 20. Ligi yako ya mtandaoni inaweza kuwa na zake. Kabla ya kumtaja kijana, tazama anadai pesa kiasi gani ili asaini. Wa sekondari anaweza kukataa na kwenda chuo, ukapoteza zamu yako. Na usidhani wa kwanza ndiye bora. Brien Taylor alichaguliwa wa kwanza nchi nzima na New York Yankees mwaka 1991, akaumia bega kwenye ugomvi nje ya uwanja mwaka 1993, na hakucheza ligi kuu hata siku moja. Mike Trout alisubiri hadi wa 25 mwaka 2009. Albert Pujols aliitwa wa 402 mwaka 1999, akaja kuwa miongoni mwa wapigaji wakubwa wa zama zake. Gemu imejengwa ili mambo ya namna hiyo yatokee. Kwa hiyo raundi za juu chagua ubora kwa ujumla, bila kujali timu yako inakosa nafasi gani leo, kwa sababu leo na siku ya kijana kukomaa kuna miaka minne katikati. Raundi za chini ndipo pa kubahatisha: mwenye kasi ya ajabu, mrushaji mwenye mkono mkali asiyejua kulenga, mdakaji mwenye akili nyingi.

Mlango wa pili ni usajili wa kimataifa, wa vijana kuanzia miaka 16 kutoka Jamhuri ya Dominika, Venezuela na kwingineko. Washington Nationals walimsajili Juan Soto mwaka 2015 kwa dola milioni 1.5, naye alikuwa ligi kuu Mei 2018 akiwa na miaka 19. Atlanta Braves walimpata Ronald Acuña mwaka 2014 kwa dola 100,000 tu. Hata Afrika Mashariki imo: Waganda Ben Serunkuma na Umar Male walisaini na Los Angeles Dodgers mwaka 2022. Ndani ya gemu, mlango huu ndio wenye giza zaidi. Ningependelea kugawa bajeti kwa vijana watano wa bei ya kati kuliko kuimwaga yote kwa mmoja anayetajwa na kila mtu.

Tufike kwenye ngazi, kwa kuwa hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Chini ya timu kubwa ya MLB kuna timu za mafunzo. Ngazi ya kwanza ni ligi za wanaoanza, mojawapo ikichezwa Jamhuri ya Dominika. Kisha A, halafu A ya juu, AA na AAA, ambayo ni hatua moja tu kutoka juu. Swali la kila wiki ni hili: kijana huyu apande, abaki au ashuke?

Kijana anayecheza ngazi rahisi kuliko uwezo wake hajifunzi. Anayecheza ngazi ngumu kupita kiasi anapigwa kila siku, na maendeleo yake hudumaa. Ni mtoto wa darasa la tatu kurushwa la sita: hafundishiki, anaaibika tu. Kama kipimo cha kuanzia, miaka 16 hadi 18 ni ya ligi za wanaoanza, 18 hadi 20 ni ya A, 20 au 21 ni ya A ya juu, 21 hadi 23 ni ya AA, na kuanzia 22 ni ya AAA. Kipimo hiki si sheria. Soto alizivuka ngazi hizi mbiombio, wengine hukaa AA misimu miwili na bado wakafaa.

Mpandishe kijana kwa ushahidi wa aina mbili unaoenda pamoja, namba za uwezo wa leo na matokeo ya uwanjani. Kwa mpigaji, tafuta takwimu iitwayo OPS+. Inajumlisha mara anazofika besi na nguvu ya mapigo yake, kisha inamlinganisha na wenzake wa ligi hiyohiyo. 100 ni wastani. Kijana mwenye 120 au zaidi baada ya kusimama na gongo mara 200 hivi ameshaiweza ngazi yake. Mpandishe. Akifika 70 kwenda chini kwa miezi miwili, mrudishe bila kuona haya. Kushuka kwa wakati hakuharibu mtu. Wiki mbili mbaya si ushahidi wa lolote, na hapo ndipo mameneja wenye haraka hujiumiza. Tena tazama umri kabla ya kufurahia matokeo. Mtu wa miaka 25 anayetamba kwenye ligi ya A anawapiga watoto, basi. Wa miaka 19 mwenye 95 kwenye AA, ambako wengi wana miaka 23, huyo ni lulu ingawa namba yake iko chini ya wastani.

Gemu ina msaidizi wa kompyuta anayeweza kupandisha na kushusha watu badala yako. Mwachie wachezaji wa kujaza nafasi, ambao ni wengi kuliko unavyodhani. Orodha ya vijana wako 15 au 20 bora ishike mwenyewe, na uzime ruhusa ya kompyuta kuwagusa.

Kupanda hakutoshi kama kijana anakaa benchi. Muda wa kucheza ndio chakula chake. Kosa la kawaida ni kumpandisha mlinzi hodari hadi AAA ambako tayari kuna wawili wa nafasi yake. Kabla ya kumhamisha, fungua kikosi cha timu anayokwenda, tazama nani yuko mbele yake, na ikibidi mwondoe huyo. Kwenye mpangilio wa timu za chini kuna agizo la kumlazimisha kocha ampange kijana fulani kila siku. Litumie kwa wale unaowategemea. Wakati huohuo mfundishe nafasi ya pili. Mchezaji hujifunza nafasi mpya kwa kuicheza, na ni rahisi zaidi kumpeleka anayelinda kati ya besi ya pili na ya tatu akacheze besi ya pili kuliko kinyume chake.

Gift Ngoepe wa Afrika Kusini anaonyesha njia hii inavyoweza kuwa ndefu. Pittsburgh Pirates walimsajili mwaka 2008. Mikono yake ilisifiwa tangu mwanzo, gongo likasuasua. Alipanda ngazi moja moja hadi tarehe 26 Aprili 2017, alipokuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza MLB, na mara ya kwanza tu aliposimama na gongo akaupiga mpira akafika besi. Hakudumu sana ligi kuu, kwa sababu gongo halikufika pale mikono ilipofika. Ukimkumbuka yule kijana wetu wa 60 kwenye ulinzi na 25 kwenye nguvu, unaona kwa nini nasema atapata kazi, na kwa nini sijasema atakuwa nyota.

Warushaji wana hesabu yao. Namba zao kuu ni tatu: ukali wa mpira, mwendo wake hewani na uwezo wa kulenga. Anayeanza mechi anahitaji pia pumzi, pamoja na aina tatu za mpira zinazoaminika, la sivyo wapigaji humzoea akiwa anawakabili kwa mara ya pili au ya tatu. Mwenye aina mbili tu, hata awe mkali vipi, mwisho wake mara nyingi ni kuingia awamu za mwisho kama mrushaji wa akiba. Anza naye kama mwanzishaji hivyohivyo, apate muda mwingi wa kurusha. Kumgeuza baadaye ni rahisi. Wakati wa kumpandisha, tazama idadi ya wanaokosa mara tatu mbele yake ukilinganisha na wanaopewa besi bure. Akiwatoa watatu kwa kila mmoja anayempa bure, yuko vizuri. Halafu jiandae kwa majeraha. Upasuaji wa kiwiko unaoitwa kwa jina la Tommy John, mrushaji aliyefanyiwa kwa mara ya kwanza na daktari Frank Jobe mwaka 1974, humweka mtu nje kwa mwaka mmoja au zaidi, na gemu haina huruma katika hilo. Kwa sababu hiyo ukitaka warushaji wawili wazuri, lea sita.

Makocha na bajeti nitavipita haraka. Kila timu ya chini ina kocha wa wapigaji na wa warushaji. Tafuta wenye sifa ya kufundisha, na weka walio bora pale walipo vijana wako bora, si lazima timu kubwa. Bajeti ya skauti hugawanywa mafungu manne: ligi kuu, ligi za chini, kimataifa na wanafunzi wa drafti. Timu inayojijenga upya ipunguze fungu la ligi kuu. Matoleo ya karibuni yana pia programu za mazoezi maalumu za kuimarisha jambo moja kwa mchezaji mmoja. Zijaribu, ila usizitegemee kubadilisha mtu. Baadhi ya ligi huzima sehemu ya mambo haya, kwa hiyo soma kanuni zao.

Ipo kanuni moja inayowaibia wageni vijana wao kila Desemba. Timu ya MLB ina orodha ya watu 40 waliolindwa. Kijana aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 au chini yake hulindwa na sheria kwa misimu mitano hivi, aliyesajiliwa akiwa na miaka 19 au zaidi kwa minne. Baada ya hapo, asipokuwa kwenye ile 40, timu nyingine inaweza kumchukua kupitia drafti ya Kanuni ya 5 kwa dola 100,000, mradi imweke kwenye kikosi chake cha kwanza msimu mzima. Roberto Clemente alipotea hivyo. Dodgers walimficha kwenye timu yao ya chini ya Montreal mwaka 1954, Pirates wakamchukua, na huko Pittsburgh akafikisha mapigo 3,000. Kila Novemba pitia majina ya wanaofikisha muda. Wa AA na AAA wenye upeo mzuri walinde. Mtoto wa ligi ya A mara nyingi unaweza kumwacha, kwa kuwa hakuna atakayethubutu kumbeba ligi kuu mwaka mzima. Kumbuka pia kwamba akishaingia kwenye 40, una misimu mitatu tu ya kumpandisha na kumshusha kwa uhuru. Ukimwingiza mapema mno, misimu hiyo itakwisha kabla hajakomaa.

Na siku ya kumpandisha hadi ligi kuu? Hapa kuna hesabu ya pesa. Mwaka wa utumishi ni siku 172, na mchezaji huwa huru akitimiza miaka sita. Akikaa chini wiki mbili au tatu za mwanzo wa msimu, unampata kwa mwaka mmoja zaidi. Chicago Cubs walimfanyia hivyo Kris Bryant mwaka 2015: walimwita tarehe 17 Aprili, akamaliza mwaka na siku 171. Alilalamika rasmi, na mwaka 2020 msuluhishi akaamua kwamba Cubs hawakuvunja kanuni. Kwa binadamu halisi naona ni uonevu uliovaa suti. Kwenye gemu ni hesabu tu, na kila mpinzani wako anaifanya. Usimwite kijana ili akae benchi. Mwite siku nafasi yake iko wazi na uwezo wake wa leo uko angalau 45, mpe miezi miwili kamili, kisha ndipo uhukumu.

Swali la mwisho ambalo watu huliepuka ni la kuuza. Si kila kijana ni wa kubaki naye. Thamani yake sokoni mara nyingi huwa kilele akiwa AA, upeo unang'aa na hajashindwa popote. Wadakaji, wanaolinda kati ya besi ya pili na ya tatu, na wanaolinda katikati ya uwanja wa nyuma, baki nao ukiweza, ni adimu. Warushaji wa akiba na wapigaji wasiolinda, uza mapema. Ukiwa na wawili wa nafasi moja, muuze yule ambaye wengine wanampenda kuliko wewe unavyompenda. Ukiona upeo wake umeanza kushuka kwenye ripoti mbili mfululizo, usingoje ya tatu, maana wapinzani wako nao wana maskauti.

Sasa utaratibu wa ligi wenyewe. Kamishna hutangaza ratiba, tuseme mara tatu kwa wiki, na kila mara mechi za siku saba huendeshwa. Unapakua faili jipya, unatazama majeruhi kwanza, kisha wale vijana 15 wa orodha yako, unafanya mabadiliko na kutuma maagizo yako kabla ya muda kwisha. Usipotuma, gemu itaendesha timu yako kwa maagizo ya zamani, na ukirudia mara nyingi utaondolewa. Nusu saa kwa kila zamu inatosha. Angalizo la saa: ligi nyingi hufuata saa za mashariki mwa Marekani. Saa tatu usiku ya New York ni saa kumi alfajiri Nairobi na Dar es Salaam wakati wao wa kiangazi, na saa kumi na moja wakati wa baridi. Tuma maagizo kabla ya kulala, usitegemee kuamka.

Ukiomba kujiunga, utaonyeshwa timu zisizo na meneja, na nyingi zitakuwa mbovu. Usiangalie msimamo wa ligi. Fungua timu zao za AA na A, hesabu vijana wenye upeo wa 55 na zaidi, uliza mishahara mikubwa inaisha mwaka gani, kisha chukua ile yenye vijana wengi na madeni machache. Mwambie kamishna waziwazi kwamba wewe ni mgeni. Wengi watakusaidia kupanga kikosi cha kwanza bila kukutoza hata senti.